Somo la Nishati Lianzie Darajani

Mwalimu akiandika ubaoni "nishati jadidifu", wanafunzi hunakili: jua, upepo, maji, kuni. Akiandika "nishati ya visukuku", hunakili: makaa ya mawe, petroli, gesi asilia. Siku ya mtihani orodha hizo hurudishwa kama zilivyo, na alama hutolewa. Hatuwalaumu walimu, ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Lakini hapana budi tuulize: mwanafunzi huyo akipita Darajani jioni, taa zimekwisha washwa madukani na kwenye meza za wauza matunda, je, anajua zinawashwa na nini?

Kwa sehemu kubwa haziwashwi na kitu kilichomo Unguja. Umeme wetu huvuka bahari kwa waya uliolazwa chini ya maji kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba. Waya wa kwanza, wa megawati 45, ulilazwa mwaka 1980. Mwingine, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Na huko utokako umeme huo vimo vyote viwili vilivyoandikwa ubaoni: gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa huko Kilwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004, na maji ya mito, likiwemo sasa bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Basi taa moja ya Darajani ni ya visukuku na ni jadidifu kwa wakati mmoja. Orodha ya ubaoni haina mahali pa kuiweka.

Wananchi wenye umri wa kukumbuka hawajasahau mwaka 2008, umeme ulipokatika mwezi Mei kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Wala hawajasahau Desemba 2009, ulipokatika tena usirudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakabeba ndoo. Darajani pakavuma majenereta, kila mwenye uwezo na lake. Pale palikuwa na somo kamili la fizikia, kwani jenereta dogo la petroli hugeuza kiasi cha moja ya tano tu ya nishati yake kuwa umeme, pengine pungufu. Iliyobaki ni joto, moshi na kelele. Na petroli yenyewe ilivuka bahari ileile. Ilikuwa kaskazi, jua likichoma mabati yetu kutwa. Wanafunzi wengi wa sekondari wa leo walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wakinyonya. Nani amewasimulia?

Liko pia suala la kuni. Daftari linasema ni jadidifu, na ni kweli kwamba mti ukikatwa mwingine huota. Lakini gunia la makaa linalopikiwa kwa siku chache hutokana na miti iliyokua kwa miaka mingi. Tukikata kwa kasi kuliko msitu unavyoota, makaa hayo yana tofauti gani na petroli? Swali la namna hiyo halionekani sana katika mitihani yetu, nasi tunadhani lingewapa wanafunzi kazi ya kufikiri kuliko orodha kumi.

Hesabu ya jua nayo si ngumu. Kila mita moja ya mraba ya paa hapa kwetu hupokea, kwa wastani, takriban kilowati-saa 5 kwa siku. Paneli nzuri hunasa kama moja ya tano: kilowati-saa 1. Kwa hesabu ya darasani, hizo ni taa kumi za wati 10 zikiwaka saa kumi. Wala asiseme mtu kwamba ufundi huu ni wa wasomi wakubwa. Huko Kinyasini chuo cha Barefoot kimewafundisha kina mama wa vijijini, wasio na shahada yoyote, kufunga na kutengeneza mitambo ya jua.

Ombi letu kwa wenye mamlaka ya elimu ni dogo. Kila skuli ya sekondari ipate paneli moja ya kujifunzia, isifungiwe katika ofisi ya mwalimu mkuu wala kungojea wageni. Wanafunzi waipime asubuhi, adhuhuri na alasiri, siku ya jua na siku ya masika, waandike tarakimu zao wenyewe daftarini. Na betri ikichoka, wao wawe wa kwanza kujua kwa nini.