Umbali si muda: Nairobi hadi New York ni masaa mangapi?

Haya wasomaji, leo tuna swali ambalo huku Kona Baridi huulizwa kila anaposubiriwa mtu kutoka ng'ambo: Nairobi hadi New York ni masaa mangapi kwa ndege? Uliza kwenye intaneti na utapata tovuti zinazokujibu papo hapo, hadi dakika. Mimi nasema usiziamini upesi.

Tuanze na umbali. Programu huchukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, JKIA na JFK, ikaziingiza kwenye fomula ya haversine na kutoa kilomita 11,840 hivi. Fomula hiyo huichukulia dunia kuwa mpira kamili, ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha. Kosa lake ni kama asilimia 0.5, yaani kilomita 60, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika nne. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi uko hatua ya pili. Programu inagawa umbali kwa mwendo mmoja, tuseme kilomita 900 kwa saa, kisha inaandika: masaa 13 na dakika 9. Hesabu ni sawa, lakini jibu ni bovu. Kenya Airways, iliyoanza safari hiyo ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, huipangia takribani masaa 15 kwenda. Kwa nini? Huko juu, upepo wa Atlantiki ya kaskazini huvuma zaidi kutoka magharibi. Chukulia wastani wa kilomita 60 kwa saa: kwenda unabaki na mwendo wa 840, masaa 14 na ushee, kurudi unapata 960, masaa 12 na ushee. Umbali uleule, tofauti karibu masaa mawili! Tena ratiba huhesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho, si inapopaa.

Halafu kuna mambo ya wanadamu. Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, anga yake ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikipita huko kati ya Nairobi na Ulaya zikalazimika kuizunguka. Viwanja havikusogea hata hatua moja. Muda ulibadilika.

Na kuna saa yenyewe. Tovuti ikiandika "Jumatano 00:40", mzee wa Kona Baridi atasoma Jumatano usiku, akodi gari, avumilie foleni ya Rongai, afike na kuambiwa mgeni alitua jana yake. Gari limelipiwa bure, na mgeni amelala kwenye viti. Kiswahili kina dawa yake tangu zamani: usiku wa kuamkia Jumatano, saa sita na dakika arobaini. Kwa nini programu zetu hazisemi hivyo?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenzangu wanaoandika programu ni huu. Umbali uonyesheni kama umbali. Muda uliokokotolewa uandikwe "makisio", kwenda kivyake na kurudi kivyake, na ratiba halisi ikiwepo itangulie. Msisahau pia kwamba New York hubadili saa zake mara mbili kwa mwaka, nasi hatubadili: tofauti huwa masaa 7 au 8.

Namba yenye dakika kamili humfanya mtu aamini. Tusimwaminishe tusichokijua. Au mnaonaje?