MNYAMA NAYE NI MSAFIRI

Njia itokayo Tabora hadi Pwani ina umri mkubwa, na watu wa Visiwani wanaijua kwa masimulizi ya wazee wao. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Ujiji, ikapumzika Unyanyembe, ikashuka Bagamoyo, na hapo mali ikavushwa kwenda Unguja. Leo misafara hiyo haipo, lakini safari hazikukoma. Watumishi huhamishwa, wafanyabiashara huenda na kurudi, jamaa hutembeleana. Na wengi hawasafiri peke yao: yuko mwenye mbwa wa ulinzi, yuko mwenye paka wa watoto, yuko mwenye njiwa au mbuzi wa zawadi.

Swali tunalouliza leo ni hili: je, viumbe hawa huandaliwa safari, au hubebwa tu?

Historia ya njia hii ni mwalimu mkali. Mwaka 1871 Stanley alivuka kutoka Unguja akiwa na farasi wawili, punda wengi na mbwa wake aitwaye Omar. Farasi wote wawili walikufa katika majuma ya mwanzo, na mbwa naye akafa kabla msafara haujaingia Ugogo. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakateremshwa Msasani ili waende Karema katika Ziwa Tanganyika. Si wote waliofika. Nchi ilikuwa na joto, mabwawa, na mbung'o waenezao nagana, na ndiyo sababu mizigo mingi ilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi wala si migongoni mwa wanyama. Aliyeleta mnyama bila kuijua njia alimleta afe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mwendo wa miezi ukawa wa siku chache. Hata hivyo wepesi wa chombo haukuondoa uzembe wa binadamu. Kuku hufungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini. Mbuzi hulazwa juu ya basi katika jua la Septemba na Oktoba. Paka hutiwa ndani ya gunia na kusukumwa katika buti, mahali pasipo hewa, kwa safari inayozidi kilomita 800. Yafaa ieleweke kwamba mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Akikosa hewa amekosa kinga yake yote. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hii, na dini zetu ziliukataza kabla ya sheria hiyo.

Wapo watakaosema kwamba binadamu ana shida zake za kutosha, na kwamba kuzungumzia raha ya paka ni anasa. Ndugu hao twawaomba waitazame Pemba. Kisiwa hicho kilipambana na kichaa cha mbwa kwa kuchanja mbwa kila mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Baadaye uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje ya kisiwa, tena mara mbili, na watu wakarudi katika hofu ya kuumwa. Haukukomeshwa hadi Oktoba 2018, baada ya chanjo kurudishwa kisiwa kizima. Mbwa hawezi kuogelea kutoka Bara hadi Wete. Hubebwa chomboni na mtu. Kwa hiyo safari ya mnyama mmoja asiyechanjwa si jambo la mwenyewe peke yake. Ni jambo la mtoto wa jirani aendaye chuoni asubuhi. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Basi mwenye mnyama na atimize wajibu wake mapema. Kichaa cha mbwa kichanjwe mwezi mmoja kabla ya safari, kwa kuwa kinga haijengeki kwa siku moja. Aende kwa daktari wa mifugo akapate cheti na kibali cha kusafirisha. Atengeneze kizimba ambamo mnyama aweza kusimama, kugeuka na kulala, chenye matundu ya hewa. Amzoeze kizimba hicho nyumbani kabla ya siku ya kuondoka. Ampe chakula kidogo saa kadhaa kabla ya safari, na maji kila chombo kinaposimama. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali bila kungoja kesho.

Lakini haifai kumtwika mwananchi mzigo wote. Serikali nayo inadaiwa. Kibali kinachomzungusha mtu ofisi tatu kwa siku tatu humfundisha mwananchi kukikwepa. Tunashauri mtumishi wa mifugo awepo karibu na stesheni ya Tabora na kituo cha mabasi, mwenye chanjo na vyeti mkononi. Na bandari za Unguja na Pemba zikague kila mnyama ashukaye, awe wa mkubwa au wa mdogo. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 imekusudiwa kufika Tabora. Wakati wa kuitengea nafasi ya wanyama ni sasa, kabla mabehewa hayajajaa mazoea mabaya.

Zaidi ya yote, chanjo ya kila mwaka isisubiri msiba. Pemba imeonyesha kwamba ushindi usiolindwa hupotea ndani ya miaka michache. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa maisha ya watu.

Mnyama hawezi kudai tiketi wala kuandika malalamiko. Sisi tunaomfunga kamba na kumpandisha chomboni ndio tuna wajibu wa kumfikisha mzima, na kuwakuta wenyeji wa huko aendako wakiwa wazima, na kuwaacha hivyo.