Ngome ya Salahuddin: tusiishie kwenye picha



Vijana wetu wanaosoma Al-Azhar hutuletea picha nyingi za Ngome ya Cairo. Karibu zote ni za msikiti mkubwa wenye minara miwili mirefu, na watoto nyumbani hudhani huo ndio msikiti wa Salahuddin. Sivyo. Ulianza kujengwa na Muhammad Ali Pasha mwaka 1830, zaidi ya miaka 600 baada ya Salahuddin kufariki.

Salahuddin Ayyubi alianza ngome hii mwaka 1176, juu ya kilima chini ya jabali la Muqattam, ili kuwalinda watu wa Cairo na Fustat dhidi ya majeshi ya Msalaba. Alama zake ni kuta, na kile Kisima cha Yusuf, yaani Salahuddin mwenyewe, kwani Yusuf ndilo jina lake. Kimechimbwa ndani ya mwamba kwa kina cha mita zipatazo 87, na maji yalipandishwa kwa magurudumu yaliyozungushwa na ng'ombe. Alifariki mwaka 1193 kazi haijakamilika. Mtoto wa ndugu yake, Al-Kamil, ndiye aliyeimaliza na kuhamia humo.

Lakini ngome hiyo hiyo ina habari nyingine. Tarehe 1 Machi 1811, Muhammad Ali aliwaalika viongozi wa Mamluk kwenye sherehe ya mwanawe Tusun. Walipokuwa wakitoka, walifungiwa katika njia nyembamba karibu na lango la Bab al-Azab, wakamiminiwa risasi. Waliuawa mamia, nao walikuwa wageni walioalikwa na Mwislamu mwenzao.

Sisi tunaona hapa ndipo penye somo. Ukuta humzuia adui wa nje, lakini hauzuii khiyana. Kikulacho ki nguoni mwako. Tunapowasimulia watoto ushujaa wa Salahuddin tu, tukaificha siku ile ya 1811, tunawapa nusu ya historia, na nusu tuliyoificha ndiyo inayotuhusu zaidi leo, katika familia zetu na jumuiya zetu.

Kwa hiyo ewe mwanafunzi, ukipanda kilimani, piga picha, na ukitazama mbali siku isiyo na vumbi utaziona piramidi za Giza. Kisha ziangalie kuta, uliza habari za kisima na za lango, uje utusimulie yote.

Wabillahi tawfiq.