Hukumu Itangulie Dadu

Katika michezo yote ambayo binadamu ameibuni ili kuburudisha akili yake, ni michache inayompa mtu mmoja mamlaka makubwa kama mchezo wa masimulizi unaochezwa mezani. Wachezaji huketi wakaizunguka meza, kila mmoja akajitwalia nafsi ya mtu wa kubuni: huyu askari, huyu tabibu, huyu mwizi wa usiku. Mmoja miongoni mwao hana nafsi yake. Yeye ndiye mwamuzi. Hueleza mahali walipo, huwasemea maadui na wageni wanaokutana nao, na mchezaji akitaja jambo analotaka kulitenda, mwamuzi ndiye asemaye kama limefaulu au limeshindikana, au ndiye aamuruye dadu litupwe. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974.

Mamlaka makubwa hayakosi kuzusha ugomvi. Wako wasemao kwamba mwamuzi ni mtumwa wa kitabu cha sheria, asiyeruhusiwa kutamka neno ambalo kitabu hakikulitamka. Wako na wengine wasemao kwamba mwamuzi ni mfalme, naye aweza kulipindua hata dadu akiona kwamba hadithi itapendeza zaidi. Makundi haya mawili yanachukiana, lakini mimi nayashitaki yote mawili. Mwamuzi anayo haki ya kuhukumu pale kitabu kinaponyamaza, na haki hiyo asinyang'anywe. Lakini hana haki ya kuibadili hukumu baada ya kuyaona matokeo yake, na haki hiyo asipewe kamwe.

Natuutazame mfano. Wachezaji wanakimbia ndani ya ngome ya kale. Askari sita wenye mikuki wanateremka ngazi za mawe kuwafuata. Mchezaji mmoja asema, "Nafungua kibuyu changu cha mafuta ya taa, nayamwaga ngazini." Kitabu kinataja bei ya mafuta na muda ambao taa itawaka; juu ya mafuta yaliyomwagwa ngazini hakisemi lolote. Mwamuzi afanyeje?

Mtumwa wa kitabu atapekua kurasa kwa robo saa, kisha atasema, "Halikuandikwa, basi haliwezekani." Jawabu hili lina sura ya haki lakini si haki. Kila mtoto aliyepata kuteleza kwenye sakafu yenye maji anajua kwamba mafuta juu ya jiwe huteleza. Mchezaji ametumia akili, na mwamuzi amemwadhibu kwa kuitumia. Mara ya pili mchezaji huyo hatabuni kitu. Atachagua tu miongoni mwa mambo yaliyoorodheshwa, na mchezo uliokusudiwa kuikuza fikira utakuwa umeiua.

Kosa hili si geni. Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz wa Prussia alitoa mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa juu ya ramani. Sheria zilikuwa nyingi, na madhara ya risasi yalipimwa kwa dadu na majedwali. Miaka ilivyopita, maofisa waliona kwamba mzigo wa sheria unachosha, na kwamba mchezo unakwenda polepole kuliko vita vyenyewe. Mwaka 1876 ofisa mwenzao, Julius von Verdy du Vernois, alitoa kitabu akipendekeza kwamba majedwali yawekwe kando, na mwamuzi mwenye ujuzi wa vita aamue kwa akili yake. Kwa nini watu wa jeshi, wanaopenda amri kuliko watu wengine wote, waliufikiria uhuru huo? Kwa sababu waliona kwamba hakuna mwandishi awezaye kuyaona mapema mambo yote. Kitabu kina mwisho, lakini hila za binadamu hazina mwisho.

Hapo mfalme hufurahi na kusema, "Basi nimeshinda." Hajashinda. Mwanzoni mwa Mei 1942 maofisa wa jeshi la maji la Japani walikutana katika manowari Yamato ili waujaribu mezani mpango wao wa vita, ambao shambulio la Midway lilikuwa sehemu yake. Kama walivyosimulia baadaye maofisa wa jeshi hilo, dadu lilionyesha kwamba ndege za Marekani zimepiga mabomu tisa, na meli mbili za kubebea ndege, Akagi na Kaga, zimezama. Admirali Matome Ugaki, aliyeusimamia mchezo, aliamuru mabomu yahesabiwe kuwa matatu tu. Akagi ikaokoka. Kaga ilibaki imezama, lakini nayo ikafufuliwa ili iingie katika sehemu ya mchezo iliyofuata. Tarehe 4 Juni 1942, katika vita vya Midway vyenyewe, mabomu ya Marekani yaliziangukia Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, na zote nne zikapotea. Sisemi kwamba dadu lingeziokoa; sababu za kushindwa zilikuwa nyingi. Nasema kwamba meza ile iliwekwa ili iwaonye watu, na mwamuzi akaizuia isiwaonye.

Angalia vema kosa liko wapi. Haliko katika kuhukumu. Kama kabla ya dadu kutupwa Ugaki angalisema, "Marubani wa Marekani hawana mazoezi, basi tuwapunguzie bahati yao," watu wangaliweza kumwuliza, "Umejuaje?" Hukumu ingalijadiliwa kwa sababu zake. Lakini yeye alingoja aone, kisha akakataa asichokipenda. Hukumu inayotolewa kabla hupima jambo, bali inayotolewa baada ya dadu kusema hupima tamaa ya mwamuzi tu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mchezo si vita, kwamba mwamuzi hulificha dadu nyuma ya ubao na kulibadili kwa huruma tu, ili mhusika apendwaye na rafiki yake asife kwa bahati mbaya. Nitaonyeshwa pia kwamba kitabu cha waamuzi alichokiandika Gygax mwaka 1979 kinamruhusu mwamuzi kulipuuza dadu. Ndiyo, kinamruhusu; nami nasema kwamba ruhusa hiyo ilikuwa mbaya. Huruma ya siri ina gharama, na anayeilipa ni yule yule anayehurumiwa. Siku atakapogundua kwamba aliokolewa mara moja, atashuku kila ushindi alioupata. Je, alishinda kwa akili yake, au alipewa kama mtoto apewavyo peremende ili anyamaze? Na mwenzake ambaye mhusika wake aliachwa afe atauliza kwa nini yeye hakuhurumiwa. Mwamuzi atamjibu nini? Kama mauti hayatakiwi mezani, na litangazwe jambo hilo kabla ya mchezo kuanza, wote walisikie na wote walitegemee.

Turudi ngazini. Mwamuzi mwema hapekui kurasa, wala hampendelei mtu. Asema mbele ya wote, "Ngazi ni za mawe, na askari wanakimbia, lakini mafuta ni kibuyu kimoja tu. Kila askari atatupiwa dadu la pande sita: moja hadi nne ataanguka, tano au sita atapita salama." Akipingwa kwa hoja njema, kwamba askari wa nyuma watawaona wenzao wakianguka nao watapunguza mbio, aikubali hoja na kuirekebisha hesabu, maana dadu bado limo mkononi. Kisha dadu hutupwa mahali pa wazi, na lisemalo ndilo liwalo. Na juma lijalo, maadui wakimwaga mafuta mbele ya wachezaji wenyewe, hesabu ni ile ile. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Na hukumu iliyokwisha kutolewa mezani imekuwa sheria ya meza hiyo, nayo humfunga mwamuzi kabla ya kumfunga mtu mwingine yeyote.

Ewe kijana usomaye, pengine hutauona mchezo huu maishani mwako. Lakini utakuwa kiranja, au mwamuzi wa mpira, au mwenyekiti wa mdahalo, na siku moja litatokea jambo ambalo kanuni ulizopewa hazikulitaja. Usijifiche nyuma ya karatasi, na usingoje uone nani atafaidika. Pima jambo, itaje sababu, weka kipimo mbele ya macho ya watu, kisha uyapokee matokeo hata kama aliyeanguka ni rafiki yako.