BYD Atto 3: tuipime hii gari ya umeme kwa barabara ya Fizi

Vijana wenzangu wa Baraka, Fizi, Mboko, Misisi, na nyinyi wote wa kwetu muko mbali,

Video za BYD Atto 3 zinazunguka sana mu magrupu yetu ya WhatsApp. Gari ya umeme, jeep ndogo ya kisasa, haina moshi, haina kelele. Chini yake munaandika kila siku swali moja: "Hii itafika kwetu lini?" Swali ni zuri, na halistahili kujibiwa kwa vicheko tu. Tuipime hii gari kama watu wa Fizi, kwa barabara yetu na kwa umeme wetu. Tukimaliza tutajua nani anapaswa kutujibu.

Tuanze na gari yenyewe, tena bila wivu. Ilitoka China mwaka 2022, kule wanaiita Yuan Plus. Mwaka 2023 iliingia Rwanda kupitia CFAO. Ina urefu wa karibu mita 4 na nusu, watu watano wanakaa vizuri. Betri yake kubwa inabeba kilowati-saa 60.48, na kwa vipimo vya Ulaya ikijaa inatembea kilometa 420. Nguvu yake ni farasi 204. Wanaopima magari kule mbali wanabishana juu ya skrini yake inayozunguka na rangi ya viti. Wabishane. Sisi tuko na maswali mengine.

Barabara

Kutoka Uvira mpaka Baraka ni karibu kilometa 90. Kutoka Baraka kupanda mpaka Fizi-centre hazifiki 50. Kwa hiyo ukijaza betri Uvira, unafika Baraka, unapanda Fizi, unarudi Uvira, na betri bado iko na kitu. Wale wanaosema gari ya umeme haiwezi safari zetu juu ya umbali, hesabu inawakatalia.

Shida iko chini ya gari. Kutoka udongo mpaka tumbo la Atto 3 ni sentimita 17 na nusu hivi, na inavutwa na magurudumu ya mbele tu. Land Cruiser za ma-ONG zinapita sentimita 20, zinasukuma kwa magurudumu yote manne, na munaziona vile zinakwama mu matope mvua ikinyesha. Tena kwa gari hii betri imelazwa chini ya sakafu. Ndicho kitu cha bei kali kuliko vyote ndani yake, na ndicho kingekuwa karibu zaidi na mawe ya RN5.

Mito yetu inashuka milimani na kukata barabara kabla ya kufika ziwani. Fuso moja likilala katikati, wote wanalala nalo: mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Nundu, mama mwenye samaki, mwanafunzi anayeenda kufanya mtihani. Upande wa Misisi na Lulimba ni vilevile. Dhahabu inatoka kila siku, matope yanabaki.

Najua kuna atakayesema: "Sasa ni vita, ngojeni." Kweli, tangu M23 waingie Bukavu tarehe 14 Februari 2025, RN5 upande ule imekatwa na mapigano, na wakimbizi wanatujia huku. Hakuna anayesahau hilo. Lakini barabara ya Uvira–Baraka–Fizi ilikuwa mbaya tangu zamani, mbele ya hii vita. Vita isigeuke kisingizio cha madeni ya zamani. Tena wakati wa vita ndipo barabara inaokoa watu.

Umeme

Wengi wetu Baraka na Fizi tunaishi kwa paneli za jua, na mwenye uwezo anawasha jenereta. Fanya hesabu nami. Paneli ya wati 100 ikipata jua nzuri ya saa tano, inakupa nusu kilowati-saa kwa siku. Kujaza betri ya kilowati-saa 60 utangoja siku 120, miezi minne, na hapo hujawasha taa hata moja nyumbani, hujashajisha simu. Weka paneli kumi za wati 300, bado ni siku nne, na sijahesabu umeme unaopotea njiani.

Ukiijaza kwa jenereta, unachoma mafuta ili gari isichome mafuta. Hapo tungekuwa tunajichekesha wenyewe.

Na hii si shida ya Fizi peke yake. Mu Congo nzima, mtu mmoja tu kati ya watano hivi ndiye anapata umeme, mu nchi yenye Inga, mahali pangeweza kutoa zaidi ya megawati 40,000. Inga I ni ya 1972, Inga II ni ya 1982. Tangu hapo ni semina na mikutano.

Bei

Ilipoingia Ulaya iliuzwa karibu euro 38,000. Hapo sina cha kuongeza, kila mmoja anajua mfuko wake.

Kitu kingine kingetufaa mbele: moto ya umeme. Kigali na Nairobi tayari wamotari wanatembea na moto za umeme. Betri ikiisha hangoji, anafika kituo, anatoa ile, anaweka iliyojaa, anaendelea na kazi. Moto inapita mahali Fuso imelala. Betri yake ni ndogo, paneli chache za kituo kimoja zinaweza kuihudumia. Baraka inaishi kwa wamotari, vijana wengi wenye diploma wako juu ya moto kwa kukosa kazi nyingine. Rwanda iliondoa ushuru na TVA kwa magari na moto za umeme tangu 2021. Wakubwa wetu wa Kinshasa wanangoja nini?

Kobalti

Sasa hapa ndipo nawaomba musome polepole, juu hii gari inatuambia kitu ambacho viongozi wetu hawatuambii.

Tangu shuleni tumeimbiwa kwamba dunia haiwezi kutengeneza gari ya umeme bila Congo, na kwamba siku moja hiyo itatupa kazi sisi vijana. Ni kweli zaidi ya 70% ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, upande wa Kolwezi na Haut-Katanga. Lakini fungua betri ya Atto 3: ndani hakuna kobalti. Hata gramu moja. Hakuna nikeli pia. Imetengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfati. Na haiko peke yake: mwaka 2024 betri za aina hiyo zilikuwa karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani, na China zilikuwa karibu robo tatu.

Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje, juu bei ilikuwa imeanguka. Tangu Oktoba imeweka kwota: kwa 2026 na 2027 ni tani 96,600 kila mwaka. Kulinda bei ni haki ya nchi, sipingi. Lakini mteja aliyefungiwa duka moja anajifunza kupika bila chumvi. Kila mwezi tunaokaa na mawe mkononi tukisema "watarudi tu", kuna kiwanda kinajifunza kutengeneza betri bila sisi.

Hatujamaliza karata zote. Gari ya umeme inakula shaba nyingi kuliko gari ya mafuta, mara tatu na zaidi, na Congo ni kati ya nchi za kwanza duniani kwa shaba. Lithiamu iko Manono, mu Tanganyika, majirani zetu wa kusini, na kwa miaka wakubwa wamebaki kushitakiana juu ya nani mwenye haki ya kuchimba. Mwaka 2021 utafiti wa BloombergNEF ulionyesha kwamba kiwanda cha kutayarisha madini ya betri hapa Congo kingegharimu dola milioni 39, wakati Marekani kingepita milioni 100. Mwaka 2022 Congo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Mkaona habari, mkapiga makofi. Sasa tuulize: kazi ngapi zimetoka pale?

Mtu wa Fizi anaweza kusema kobalti si yetu, sisi tuko na dhahabu na samaki. Lakini RN5 ndiyo inatuunganisha na Kalemie mpaka Lubumbashi. Nchi ikikosa hii nafasi, barabara yetu itakosa pesa kama kawaida, na mwenye lisanse wa Baraka atabaki shomeri kama mwenzake wa Kolwezi.

Na asije mtu kutuambia gari za umeme ni mambo ya wazungu. Mei 2025 mafuriko yalibeba Kasaba usiku, hapa hapa Fizi. Viongozi wa eneo walihesabu zaidi ya watu 100 waliokufa. Siwezi kusema ile mvua moja ilitoka kwa moshi wa gari fulani. Lakini dunia ikizidi joto, mvua kali zinazidi pia, hilo wataalamu wanalieleza kila mwaka. Sisi tunalipa bei ya magari ambayo hatujawahi kupanda.

Tunachoomba

Kwa hiyo swali letu libadilike. Badala ya "Atto 3 itafika lini?", tuandike haya, na tuyatume kwa wenye majina:

1. FONER inakata pesa kwa kila lita ya mafuta na kwenye peaje. Ituonyeshe hadharani pesa ngapi zilikusudiwa RN5 kutoka Uvira mpaka Lulimba, mwaka kwa mwaka, na zilifanya nini. Madaraja na mitaro ya maji kwanza, mbele ya sherehe za kukata kamba.

2. ANSER, iliyoundwa kwa ajili ya umeme wa vijijini na pembeni mwa miji, itoe kalenda ya Baraka na Fizi-centre, yenye tarehe na mtu wa kujibu. Mito tunayo, jua tunalo.

3. Ushuru wa moto za umeme, betri na paneli uondolewe. Na shule za ufundi za Fizi zipewe mafunzo ya betri na mota za umeme, ili siku gari hizo zikifika, anayezitengeneza awe kijana wa hapa.

4. Wabunge waliochaguliwa Fizi watuambie hadharani walisema nini bungeni juu ya kobalti, lithiamu na viwanda. Kama hawajasema kitu, watuambie hivyo pia.

Na sisi tuko na kazi. Wiki hii, kila mmoja akipita mahali pabaya pa RN5, apige picha, aandike tarehe na jina la mahali, atume. Usimpige picha askari, usiweke uhai wako hatarini. Picha mia moja zenye tarehe ni vigumu kuzikana. Tutaziweka pamoja na kuzipeleka kwa barua, kwa amani, kama kawaida yetu.

Atto 3 ni gari nzuri. Kwa RN5 ya leo haiwezi kitu, na kosa si la gari. Ukiiona tena mu simu, usiweke moyo mwekundu peke yake. Weka na swali: "FONER, barabara yetu iko wapi?"