Mazungumzo ya Nyumbani: Kalamu ya Baba

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari za mtunzi mmoja wa hadithi. Lakini si hadithi zake tunazozitaka leo, bali mambo ya nyumba yake aliyoyaandika.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Wengi wamjua kwa Kusadikika na Adili na Nduguze. Walakini riziki yake ilikuwa kazi ya ukarani. Tangu 1926 hata 1944 alitumika katika forodha. Saa za kutunga alizipata baada ya kazi, kama baba ye yote mwenye shughuli.

Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki angali kijana. Shaaban alimtungia shairi la kumlilia, wala hakuona haya kuonyesha huzuni yake. Tena aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mashauri: Hati kwa ajili ya binti, na Adili kwa ajili ya mwana. Yale ambayo mzazi huyasema kidogo kidogo, jikoni na njiani, yeye aliyaweka katika karatasi, yasipotee. Mambo hayo yamo katika kitabu chake, Maisha Yangu.

Liko na jambo la pili. Kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, juu ya mambo ya ndugu na ya vitabu vyake. Barua hizo, za tangu 1931 hata 1958, zimechapwa kuwa kitabu. Je, zingalisomwaje leo, kama aliyezipokea asingaliziweka? Mwenye kuandika alifanya kazi yake, na mwenye kutunza alifanya yake.

Basi, sisi wa Mafia tujiulize. Vijana wetu huvuka kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati, hata Dar es Salaam, na habari za nyumbani huwafuata kwa simu. Simu ikiharibika, maneno ya mama yamekwenda nayo. Na wazee wetu wakifa, twazika mengi pamoja nao. Mzee asiposema minazi ile ilipandwa na nani, na nani aliachiwa, ndugu wa tumbo moja huja kuteta shambani, na wala hapana wa kuwaamua.

Wengine watasema, “Mambo yetu ni madogo, nani atayasoma?” Atayasoma mjukuu. Yeye hatatafuta maneno makubwa; atataka kujua bibi yake alikuwa nani, alisuka ukili na nani, alicheka nini, alilia nini.

Kwa hiyo twawashauri wazazi: nunueni daftari moja la nyumba. Andikeni majina ya wazee, siku za kuzaliwa na za kufa, mashamba na mipaka yake, na maneno ambayo mngependa watoto wayakumbuke. Liwekeni katika mkebe wenye kifuniko, mbali na mchwa na unyevu wa bahari. Nanyi walimu, mpeni kila mtoto swali moja la kumwuliza bibi au babu jioni, aandike jibu kwa mkono wake, kisha alisome mbele ya wazee wenyewe, ili wamsahihishe.

Wazee wangalipo. Ulizeni leo.