Kahawa Usoni, Jua Utosini

Krimu ya macho yenye kafeini imeshapanda hadi vilima vya Iringa. Inapangwa kwenye maduka ya vipodozi mjini, inapigiwa debe Instagram, na ahadi zake zinajulikana: macho yaliyovimba yatashuka, makunyanzi yatakawia, ujana utarudi. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini ahadi hii ina utamu wa ziada. Kahawa inalimwa Mbozi na Rungwe, chai imejaa Mufindi, na zote mbili zina kafeini. Kwa hiyo wapo walioliacha kopo la dukani kabisa. Wanachota vijiko viwili vya kahawa ya Africafé, wanakoroga na sukari na mafuta ya nazi, wanajisugua.

Kafeini yenyewe si uganga. Mkemia Mjerumani Friedlieb Runge aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa sababu huwasaidia watoto njiti wanaosahau kupumua. Tena hupenya ngozi kweli, jambo ambalo viambato vingi vya vipodozi haviliwezi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walionyesha kwamba panya waliopigwa mionzi kama ya jua kisha wakapakwa kafeini walipata uvimbe wa saratani ya ngozi mchache kuliko wenzao. Habari njema. Ila panya hao ni wa aina isiyo na manyoya wala rangi ya ngozi, na walichokuwa wakipimwa ni saratani. Kunyanzi halikuulizwa.

Ukija kwenye uso wa binadamu, ushahidi unapwaya. Mwaka 2011, Thailand, watu 34 wenye macho ya kuvimba walijaribiwa kwa jeli yenye kafeini na jeli isiyo nayo. Kwa jumla hazikupishana sana. Kilichoshusha uvimbe, kwa maelezo ya watafiti, kilikuwa zaidi ubaridi wa jeli. Kama ni ubaridi, maji ya bomba ya Tosamaganga, Iringa, mwezi Julai yanautoa bure. Kisha mwaka 2014 watafiti wa Poland waliweka kafeini kwenye seli za ngozi ya binadamu maabara, wakakuta seli zinatengeneza kolajeni pungufu. Kolajeni ndiyo inayoishikilia ngozi isilegee. Naam, seli kwenye kisahani si uso wa mtu, na nisingemtisha mtu kwa utafiti huo mmoja. Lakini muuzaji naye asitutolee habari za maabara pale tu zinapompendelea.

Na hapa kuna jambo ambalo matangazo hayaligusi, kwa kuwa mengi yameandikwa yakiwalenga watu wa ngozi nyeupe. Weusi wa chini ya macho kwa watu hao mara nyingi ni mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi nyembamba, na kafeini inaweza kuibana mishipa hiyo kwa saa chache. Kwa ngozi nyeusi, mara nyingi weusi ule ni rangi yenyewe iliyozidi mahali pale, au kivuli cha umbo la jicho. Kafeini haina kazi pale. Hata makunyanzi sisi hutujia kwa kuchelewa. Uzee wetu huanza kujitangaza kwa madoa na rangi isiyolingana usoni.

Anayetaka kumjua mchawi wa uzee akunje mkono wa shati mpaka begani. Atazame upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa, kisha atazame mgongo wa kiganja. Ngozi ile ina umri mmoja, imezaliwa siku moja, lakini ya juu ni laini na rangi yake ni moja, ya chini imekauka na kukunjamana. Kwa mama aliyelima nyanya miaka thelathini kando ya mto Ruaha Mdogo, bonde la Kalenga, tofauti hiyo huhitaji kuitafuta. Tosamaganga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda mionzi ya jua isiyoonekana huongezeka kwa takribani asilimia 10. Kinachowaponza watu ni baridi. Juni na Julai mtu anavaa koti, anaota jua asubuhi mpaka mchana, anaona raha. Ubaridi wa hewa haupunguzi mionzi hata chembe.

Dhidi ya jua tuna ushahidi wa watu, tena wengi. Nambour, Australia, watu zaidi ya 900 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopangiwa kupaka losheni ya kukinga jua kila siku, ngozi zao zilionyesha dalili pungufu za kuzeeka, kwa asilimia 24, kuliko wale walioachwa wapake wanavyotaka. Hao walikuwa wazungu, na sisi melanini inatukinga kuliko wao, kwa hiyo tusitarajie faida ileile. Losheni yenyewe ni ghali, na nyingine humwacha mtu mweusi na uso wa kijivu kama aliyepakwa majivu. Kwa mwenye shamba, kofia pana na mafuta ya mgando baada ya kuoga vinatosha kwa sehemu kubwa. Kwa wenzetu wenye ualbino ni suala la uhai, na ndiyo maana Moshi, katika hospitali ya KCMC, inatengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Shilingi ya umma ikipatikana, mimi ningetaka iongeze makopo ya namna hiyo hospitalini, mpaka Tosamaganga.

Skrabu ya Africafé sina ugomvi nayo. Inasugua ngozi iliyokufa kama singo ilivyofanya pwani tangu zamani, na mtu akitoka kuoga anang'aa. Sukari peke yake ingefanya kazi hiyo. Na kafeini ikilinganishwa na mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni ni malaika. Shirika la Viwango, TBS, linapambana na sumu hizo, na lina haki ya kuzitanguliza.

Lakini kopo lisilo na sumu nalo linaweza kumlaghai mtu. Geuza kopo, usome nyuma. Kwa kawaida viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta kafeini imeandikwa baada ya manukato, huenda haifiki hata asilimia 1, wakati krimu nyingi zilizochunguzwa huwa na takribani asilimia 3. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo. Ianze na dogo: anayeandika neno kafeini kwa herufi kubwa mbele ya kopo alazimishwe kuandika na asilimia yake palepale, kwa herufi za ukubwa uleule.